Dalili na Vyanzo vya Matatizo ya Majani ya Kinamasi katika Tambarare za Moshi

Mvua inayonyesha katika msitu wa Kilimanjaro haiteremki yote kwa mito. Sehemu kubwa yake huzama katika miamba ya volkano yenye matundu na nyufa, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka tambarare kwa njia ya chemchemi, ambazo Njoro, Miwaleni na Chemka ni baadhi ya zile zinazofahamika zaidi. Pale maji hayo yanapotuama au kupita polepole hutokea kinamasi cha majani, yaani mchanganyiko wa ndago za aina nyingi, mafunjo, matete na nyasi fupi za pembezoni kama ukoka. Mwongozo huu unahusu majani hayo: dalili zinazoonekana yanapodhoofika, vyanzo vyake, na namna ya kutofautisha chanzo kimoja na kingine kabla ya kushika panga au jembe.

Kwa miaka kadhaa nimeshiriki kutunza kinamasi kidogo kilichoko chini ya chemchemi moja upande wa Kahe. Makosa mengi niliyoyaona, yakiwemo niliyoyafanya mwenyewe, yalitokana na kutibu majani kabla ya kupima maji. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kuwa nacho ni bomba la plastiki la inchi mbili lenye urefu wa mita mbili hivi, ambalo nusu yake ya chini imetobolewa matundu kwa msumari wa moto na kufungwa kitambaa cha nailoni ili matope yasiingie. Bomba hilo huzikwa wima, likabaki limechomoza kidogo juu ya ardhi na kufunikwa kwa kifuniko. Kupima ni kazi ya dakika moja: fimbo nyembamba iliyopakwa chaki au majivu hutumbukizwa ndani hadi chini, na mahali chaki inapoanza kulowa ndipo maji yalipo. Andika kipimo hicho mara moja kwa wiki, na uandike pia siku za mvua. Daftari la namna hiyo likikamilisha mwaka mmoja, yaani masika, kipupwe, vuli na kiangazi, litajibu maswali mengi ambayo macho peke yake hayawezi kuyajibu.

Majani yanageuka njano na kukauka

Hii ndiyo dalili inayowashtua watu wengi, nayo ina vyanzo vingi kuliko zote. Kwanza ni lazima kutenganisha mapumziko ya msimu na madhara halisi. Ndago nyingi hupoteza rangi Januari na Februari, na tena kuanzia Agosti hadi mvua za vuli zianze, bila kuwa na tatizo lolote. Shika shina karibu na udongo uvute taratibu. Kitako kikiwa kigumu, cheupe au chenye ukijani ndani, na mzizi ukigoma kutoka, mmea uko hai na unasubiri mvua. Kitako kikiwa cha kahawia, chepesi, na mmea ukichomoka bila upinzani wowote, mzizi umekufa na kuna sababu ya kutafuta chanzo.

Angalia namna jani linavyokauka. Likiungua kuanzia ncha na kingo huku katikati kukiwa bado kijani, shaka ya kwanza iwe chumvi. Yakianza kuwa njano majani ya zamani ya chini, kwa usawa, huku machanga yakibaki kijani, hiyo ni njaa ya naitrojeni, jambo ambalo ni nadra sana katika kinamasi kinachopokea maji yaliyopita kwenye majaruba ya mpunga. Likinyauka jani zima, likajikunja kwa urefu wake na kupauka, mara nyingi maji yamekimbia mizizi. Na kama nyasi fupi za pembezoni zimekufa ilhali mizizi yake ni myeusi na inanuka yai viza, tatizo ni kinyume kabisa: maji yamezidi na kukaa muda mrefu, hewa imeisha udongoni, na gesi ya salfaidi inayotoa harufu hiyo inaua mizizi isiyo na njia za kupitishia hewa. Matete na mafunjo yana njia hizo ndani ya mashina, ukoka hauna za kutosha.

Maji yakiwa ndiyo yaliyoshuka, swali linalofuata ni nani anayeyachukua. Hapa kuna kipimo rahisi ambacho natamani kila kamati ya mazingira ya kijiji ingekijua. Pima bomba saa kumi na mbili jioni, kisha saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku nne au tano mfululizo ambazo hazina mvua. Mimea hunywa mchana na kupumzika usiku. Kwa hiyo kama mimea ndiyo inayoyatumia, maji yatashuka mchana na kusimama au kupanda kidogo usiku. Yakishuka usiku vilevile, au zaidi ya mchana, anayeyachukua si mmea.

Mwezi wa Februari wa mwaka mmoja, ndago za upande wa mashariki wa kinamasi chetu zilikauka, tukawa tunalaumu jua. Siku ya kwanza ya kupima kwa namna hii nilifika asubuhi nikiwa na fimbo ileile ya jana yake, ambayo alama ya jioni ilikuwa bado inaonekana juu yake kama mstari wa kijivu. Nilipoitoa, chaki ilikuwa imelowa chini ya mstari ule kwa vidole vitatu. Usiku kucha maji yalikuwa yakiondoka. Siku ya pili tukasubiri hadi saa nne usiku, tukasikia pampu ya dizeli ikiunguruma upande wa pili wa uzio, mahali palipochimbwa kisima kwa ajili ya nyanya. Mwenye shamba hakuwa na nia mbaya. Alimwagilia usiku kwa sababu maji hayapotei kwa jua. Mwenyekiti wa kitongoji alituketisha pamoja, daftari likawekwa mezani, na tukakubaliana apampu usiku mmoja na kuacha mmoja hadi masika. Maji yaliacha kushuka ndani ya wiki mbili. Bila daftari lile ingekuwa neno letu dhidi ya lake.

Mahali ambapo mazungumzo hayatoshi, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa vibali vya kutumia maji, na kwa eneo letu vibali hivyo hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake kuu iko Moshi. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Nenda na vipimo vyenye tarehe, kwa sababu malalamiko yasiyo na tarehe ni vigumu kuyashughulikia.

Chanzo kingine cha maji kushuka huwa mbali na macho, huko juu kwenye mfongo, yaani mfereji wa kienyeji wa umwagiliaji. Banio, yaani kizuizi kinachoingiza maji ya mto mferejini, likibomoka au mfereji ukielekezwa shamba jipya, kinamasi kilichokuwa kikipata mabaki ya maji hukosa hata hayo. Tembea mfongo wote hadi banioni kabla ya kuhitimisha kwamba chemchemi imepungua.

Utando mweupe juu ya udongo

Ukiona unga mweupe unaotokea asubuhi baada ya siku kadhaa za jua, na majani kuungua ncha, usikimbilie kusema ni magadi, kwa kuwa kuna vitu vitatu vinavyofanana. Chukua kijiko cha unga huo ukamulie ndimu. Usipotoa povu, huenda ni chumvi ya kawaida au chumvi za salfeti. Ukitoa povu, ama ni magadi ama ni chokaa. Weka sehemu nyingine katika maji safi, na kama imeyeyuka na maji yanateleza vidoleni kama ya sabuni, ni magadi, ilhali chokaa hubaki chini ya glasi.

Kisha pima udongo wenyewe. Tia bonge kavu la ukubwa wa punje ya harage katika glasi ya maji ya mvua, uiache bila kuitikisa hadi kesho yake. Bonge likiyeyuka na kuacha wingu la maziwa kulizunguka, sodiamu imeshika chembe za mfinyanzi na kuzitawanya; udongo wa namna hiyo huziba, haupitishi maji wala hewa, nao mara nyingi huwa na pH iliyo juu ya 8.5. Bonge likibaki zima na maji yakabaki angavu ilhali utando upo, basi ni chumvi bila sodiamu ya kuzidi, na tiba yake ni nyepesi zaidi. Mwenye nafasi ya kupeleka sampuli maabara aombe kipimo cha upitishaji wa umeme, ambacho huonyesha wingi wa chumvi. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi unapofikia desisimensi 4 kwa mita.

Chanzo chake ni kwamba maji ya chini ya ardhi yakiwa karibu na uso bila kuufunika, hupanda kupitia vinyweleo vya udongo, hukauka juu, na kuacha chumvi yake pale. Kwa sababu hiyo utando hujitokeza zaidi pembezoni kuliko katikati, na hujitokeza zaidi mahali majani yalipofyekwa au kuchomwa na udongo kubaki uchi. Kinamasi kilichopoteza mafuriko yake ya masika huathirika kwa njia hiyohiyo, kwa maana hakuna tena maji mengi ya kusuuza chumvi. Tiba ya kwanza, basi, ni kurudisha kivuli cha majani na kuruhusu maji ya mvua yapite. Jasi, ambayo huchimbwa Makanya wilayani Same, husaidia udongo wenye sodiamu kwa kuwa kalisiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu, lakini ni lazima pawepo maji ya kuisuuza sodiamu iliyong'olewa na mahali pa kuipeleka. Kumwaga jasi katika shimo lisilo na njia ya maji ni kupoteza fedha.

Ndugu zetu wa pwani, kule Mto Pangani unakoishia, wana vinamasi vya majani katikati ya matuta ya mchanga ambavyo huugua kwa sura inayofanana kabisa ingawa chumvi yake hutoka kwingine. Huko maji ya mvua huelea chini ya mchanga juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi, na kwa kadiri ya kanuni inayojulikana, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takribani mita 40 chini yake. Visima vikivuta sana, tabaka hilo huwa jembamba na bahari husogea. Sisi tulio tambarare za Moshi hatuna bahari ya kuihofia. Chumvi yetu hupanda kutoka chini kwa jua na kwa umwagiliaji usio na mifereji ya kutolea maji. Kwa hiyo mtu asichukue ushauri wa pwani na kuutumia huku kama ulivyo.

Jambo moja niliseme wazi. Si kila kinamasi chenye magadi ni kigonjwa. Kandokando ya maziwa ya Momella, Manyara na Natron kuna ndago fupi, hasa ile iitwayo Cyperus laevigatus, inayoishi vizuri katika maji yenye magadi, na kujaribu kuigeuza sehemu hiyo kuwa ya maji baridi ni kuiharibu.

Mmea mmoja umemeza mingine

Tifa, mmea wenye majani bapa marefu kama panga na kichwa cha kahawia mithili ya gunzi lililovishwa manyoya, ndio unaolalamikiwa zaidi. Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, limezongwa na tifa na mafunjo kwa kiasi ambacho wavuvi hupata shida kuyafikia maji. Tifa hushinda mimea mingine pale mambo mawili yanapokutana: mbolea inapoingia, na kina cha maji kinapoacha kupanda na kushuka. Ndago fupi zinahitaji kipindi cha maji kupungua ili mbegu zake ziote. Tifa hutambaa kwa mizizi yake minene chini ya matope bila kuhitaji mbegu.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Tulipoona tifa zikienea tulijenga tuta dogo ili kina cha maji kisibadilike, tukidhani tunawasaidia ndege. Miaka miwili baadaye ndago zilikuwa zimebaki ukanda wa hatua chache tu. Tulipobomoa sehemu ya tuta na kuacha maji yashuke kiangazi, tifa hazikufa, ila zilipunguza kasi, na ndago zikaanza kuchipua kwenye matope yaliyofunuka.

Kuzikata kunafaa kwa sharti moja. Shina la tifa, hata likiwa kavu, hupeleka hewa kwenye mizizi iliyo chini ya maji. Kwa hiyo likatwe chini ya uso wa maji, na maji yaendelee kufunika kisiki kwa wiki kadhaa, ndipo mzizi hukosa hewa na kuoza. Ukikata juu ya maji, au ukikata kiangazi maji yakiwa yameshuka, utakuwa umezipogoa tu. Majani ya tifa zilizokatwa yaondolewe majini, kwani yakioza humo hurudisha mbolea ileile. Usikate zote: ndege wengi hulala na kutaga humo. Wakulima wa mpunga wa Chekereni na Mabogini wana sababu yao ya kutozipenda, maana kwelea kwelea, ndege wadogo walao nafaka, nao hulala humo kabla ya kushambulia majaruba, na ni haki kuwashirikisha katika kuamua ni sehemu ipi ikatwe.

Chanzo cha mbolea kifuatiliwe. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi umekuwa ukilima mpunga tangu mwaka 1987, na maji yanayotoka kwenye majaruba popote pale hubeba sehemu ya urea iliyowekwa. Kuacha ukanda wa nyasi wa hatua kumi au zaidi kati ya jaruba la mwisho na kinamasi, na kuzuia maji yasitoke jarubani kwa siku kadhaa baada ya kuweka mbolea, hupunguza mzigo huo na humwachia mkulima urea aliyoinunua.

Maji yana utando wa rangi

Utando wa kijani unaofunika maji yote ni dalili ya mbolea, na maelezo yake ni hayo niliyokwisha kuyatoa. Gugumaji ling'olewe mapema kwa mkono na kurundikwa mbali na maji. Utando unaong'aa kama mafuta huleta ugomvi usio wa lazima, kwa sababu watu humshuku mwenye gereji au mwenye pampu. Uguse kwa kijiti: ukivunjika vipandevipande kama kioo na vipande vikabaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wa chuma na haina madhara, ukijikusanya tena nyuma ya kijiti, ni mafuta kweli, na chanzo chake kitafutwe siku hiyohiyo.

Kwato na moto

Ng'ombe wachache wanaoingia kinamasi kikiwa kikavu kiasi hawana ubaya, na huzuia mimea mirefu isitawale. Madhara hutokea wanapoingia udongo ukiwa umelowa. Kwato hutoboa mashimo, mizizi hukatika, maji hukusanyika mashimoni, na nyasi hubaki juu ya vichuguu vidogo vinavyokauka upande mmoja. Dalili ni hiyo ya vichuguu na mashimo, hasa kwenye njia ya kwenda mtoni. Uzio peke yake huleta ugomvi. Njia moja iliyowekwa mawe hadi mahali pa kunywea, au birika nje ya kinamasi, hufanya kazi vizuri zaidi, nayo wafugaji wenyewe huitunza.

Kuhusu moto, tazama kilichobaki. Moto uliopita juu wakati udongo umelowa huacha vitako vikiwa hai na machipukizi ndani ya wiki mbili. Moto uliopita wakati mboji imekauka huingia chini, hutoa moshi kwa siku nyingi, na kuacha majivu na mashimo yasiyo na mzizi hata mmoja. Huo wa pili huzimwa kwa kuchimba na kulowesha, kwani kupiga kwa matawi hakuufikii.

Vichaka vinaingia

Miti yenye miiba ikianza kusimama mahali palipokuwa na ndago, tafsiri yake karibu daima ni kwamba mafuriko hayafiki tena. Mfano mkubwa tulionao ni kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960: bwawa lilipoanza kushikilia maji ya Kikuletwa na Ruvu, Mto Pangani haukufurika tena kama zamani, na kinamasi kikasinyaa. Jambo kama hilo halitatuliwi na kijiji, linahitaji uamuzi wa bonde zima kuhusu maji yanayoachiliwa na wakati wake.

Lakini mrashia, yaani Prosopis, ambao umeenea upande wa Kahe, unaweza kuzuiwa na kijiji. Mizizi yake huenda chini sana na huyafuata maji hata yakishuka, na mbegu zake husambazwa na mifugo inayokula maganda yake. Miche ing'olewe na mizizi yake ikiwa bado midogo, maana mti uliokatwa juu ya ardhi huchipua tena mashina mengi. Mifugo iliyotoka kula maganda izuiliwe zizini siku chache kabla ya kupelekwa kinamasini.

Kupanda upya

Kupanda huja mwisho, baada ya chanzo kujulikana na kuondolewa. Mara nyingi hakuhitajiki: funua udongo kidogo, subiri masika moja, na mbegu zilizolala matopeni zitaota zenyewe. Zisipoota, kata mabonge ya ndago yenye upana wa kiganja kutoka sehemu yenye afya ya kinamasi hichohicho, si kutoka kwingine, ili usilete magugu na mimea isiyozoea maji yako. Yapandwe mwanzoni mwa Machi udongo ukiwa umelowa lakini haujafunikwa, yakiachana hatua moja moja, na kitako kikae usawa wa ardhi. Mvua kubwa ya Aprili ikiyakuta yameshika mizizi, hayang'oki.